Ujumbe Usio na Namba

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani hapa Lubumbashi, huwajibu kwamba nalipwa kwa kutisha watu. Wanacheka, lakini sisemi uongo. Ofisi yetu iko Kampemba, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, na mkubwa wetu ni Monsieur Aristote, bwana nadhifu anayesema "validé", yaani imepitishwa, mara nyingi kuliko anavyosema "habari". Yeye huleta maneno ya hatari kwa Kifaransa, mimi nayageuza yawe Kiswahili cha watu wetu: mafuriko yanakuja, moto wa nyika umevuka barabara, tokeni, kimbieni, msirudie vitu.

Maneno hayo hayaendi kwa namba ya mtu. Yanatoka kwenye kompyuta yetu mpaka mnara wa kijiji, na mnara unayamwaga hewani. Kila simu iliyo chini ya mnara ule, iwe kubwa ya kugusa au ndogo ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, inayapokea papo hapo, inalia mlio wake wa pekee, na maneno yanajitokeza yenyewe kwenye kioo. Krediti haihitajiki. Hata laini zikijaa kwa sababu kila mtu anampigia ndugu yake, ujumbe wetu unapita kwa njia yake. Na kwa kuwa hautoki kwenye simu ya mtu, hauna namba ya aliyetuma. Pale ambapo siku zote unaona jina la shemeji yako, huoni kitu. Sisi ofisini nasi hatupati jibu lolote. Hatujui nani amesoma na nani amelala.

Mimi sikuona ubaya katika hilo. Mama yangu aliuona mara moja.

Mama anaitwa Julienne, ingawa kijijini hakuna aliyekuwa akimwita hivyo. Alikuwa Mama Mapalo, kwa jina langu, kwa kuwa mimi, binti yake, ndiye mtoto pekee aliyebaki. Anaishi Mukoshi, mbali kupita Kinsevere, kule ambako lami imekwisha zamani na pikipiki inabeba mpaka kitanda. Kijiji kiko bondeni. Juu yake kulikuwa na bwawa la udongo lililojengwa na mzungu mmoja mfuga ng'ombe. Mzungu akaenda zake, ng'ombe wakaliwa, bwawa likabaki bila mwenyewe, na kila msimu wa mvua ukuta wake ulivuja. Nimembembeleza mama aje akae nami Kampemba mpaka ulimi umechoka. Anasema mjini hata maharagwe hayana ladha.

Kwa hiyo nilifurahi kama mwehu mradi ulipopeleka mnara Mukoshi. Ujumbe wa majaribio niliuandika mwenyewe: "HATARI. Mayi ya barrage inakuya. Bote mupande ku mulima sasa hivi." Barrage ni lile bwawa; wahandisi walikuwa wamepima, na mlima ulio kando ya kijiji ndio mahali pekee ambapo maji yasingefika. Monsieur Aristote akasema validé, tukautuma, tukapigiana makofi.

Siku chache baadaye mama alinipigia. Sauti ilikuwa inakatikakatika.

"Mapalo, weye njo unatumaka ile message?"

"Ee, mama, ni miye. Ilifika?"

"Ilifika. Usitume tena."

Laini ikafa. Nikapiga na kupiga, wapi. Jumamosi nikachukua pikipiki nikaenda.

Nilifika mchana, na ukungu ulikuwa bado umekaa bondeni kana kwamba hakujapambazuka. Mukoshi mnara mpya hubeba maonyo tu; mtandao wa kupiga simu hutoka mbali na haushiki ndani ya nyumba, basi watu hutundika simu zao kwenye kichuguu kikubwa kilicho katikati ya kijiji, kichuguu kirefu kupita paa la kanisa, kila simu ndani ya mfuko wake wa plastiki juu ya kijiti chake. Siku zote pale pana makelele: muziki, watoto, akina mama wakipayuka na ndugu zao walioko Zambia. Siku hiyo palikuwa kimya. Simu zilikuwepo, lakini kila moja ilikuwa imegeuzwa uso kwenye udongo na kufungwa kitambaa cheupe, kama wanavyofunga kidevu cha maiti.

Nilikuwa nimemwomba Monsieur Aristote asubiri nirudi kabla ya jaribio la pili. Hakusubiri. Nimesimama pale, mkoba bado begani, kichuguu kizima kikalia. Simu zote kwa pamoja, mlio uleule, na mwanga ukipenya vitambaa. Wanawake waliokuwa wakitwanga muhogo wakasimamisha michi hewani. Hakuna aliyekimbia. Wote, na mama yangu pamoja nao, wakakipa kichuguu mgongo na kubaki hivyo mpaka mlio ulipokoma. Kisha michi ikaendelea kutwanga. Na mimi ndiye niliyeandika yale maneno.

Jioni haikuwa imeingia bado nilipomkalisha mama mlangoni na kumwuliza waziwazi. Alikuwepo pia katekista Antoine, ambaye Mukoshi ndiye padre, hakimu na fundi wa baiskeli.

"Mama, juu ya nini hamusome message?"

"Ile mulima unajua ni ya nini."

Nilijua. Mlima wa Mukoshi ni makaburi, baba yangu yuko kule. Lakini mimi nilifikiri maji ni jambo moja na wafu ni jambo jingine.

"Fikiria bien, Mapalo," Antoine alisema kwa upole. "Message haina numero, haina jina. Inatoka ku mnara, na mnara banausimamisha katikati ya makaburi. Inasema bote mupande kule. Weye ungesema ni nani anakuita?"

Nikacheka. Nilipoona nacheka peke yangu, nikakasirika. Nikawaeleza kompyuta, nikawaeleza Kampemba, nikawaambia ni mimi, Mapalo, niliyekula muhogo wa kijiji hiki, ndiye ninayeandika. Antoine alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

"Muzee Chomba alisomaka message ya kwanza kwa sauti, hapa, mbele ya bantu," mama alisema. "Siku saba za ile semaine hazikuisha, akakufa."

"Muzee Chomba alikuwa na tension ya damu, mama! Na miaka yake!"

"Alikuwa nayo tangu zamani. Mbona alingojea message?"

Antoine akafunga mazungumzo. "Tunakusikia, dada. Lakini kule tunapandaka tu na mufu. Muntu anayepanda bila mufu, anajipeleka yeye mwenyewe."

Nilipanda peke yangu kwa ubishi. Misalaba ya mbao ilikuwa inatokeza kwenye ukungu mmoja mmoja, na kaburi la Mzee Chomba lilikuwa bichi, limebanana na uzio wa mnara kana kwamba alitaka kuusikiliza. Mnara ulikuwa unavuma. Si kwa nguvu. Ni mvumo wa chini unaousikia kwanza kwenye meno. Nikasimama niuzoee, na kadiri nilivyousikiliza ndivyo nilivyoona kama kuna mtu nyuma yangu amevuta pumzi ili aanze kusema. Mimi si mtu wa mizimu. Hata hivyo nilishuka ule mlima mbio, na sioni haya kulisema.

Ofisini niliwaka. Nilimwambia Monsieur Aristote kwamba ujumbe wetu, siku ya siku, utawafanya watu wakae chini wafe.

"Mapalo, mulima ni mulima," alisema huku akinyoosha tai. "Bafu ba makaburi habasumbue réseau ya mnara. Kisha mvua ikiisha, tutatuma équipe ya sensibilisation kuelimisha bantu."

Mvua haikutaka kuisha. Ilinyesha mpaka Kampemba yenyewe ikawa tope tupu, na asubuhi moja, nikiwa bado sijavua koti, simu ya ofisi ikalia. Alikuwa Caleb, mlinzi aliyewekwa na mradi kwenye bwawa, mtu anayeishi ng'ambo ya maji na kazi yake ni kutazama ukuta.

"Madame, ukuta inapasuka. Naona mayi inatoka katikati, na inabeba udongo. Miye siwezi kuvuka. Bantu ba kijiji hakuna mwenye anatoka!"

Monsieur Aristote alinyakua simu yake akakimbilia ngazini kuwatafuta wakubwa wa serikali. "Tuma texte! Texte iko validé!" alipiga kelele akiwa anashuka.

Nikampigia mama. Haipatikani. Nikampigia Antoine. Laini zimejaa. Tena mama, tena Antoine. Kwenye kioo cha kompyuta ile texte ilikuwa inaningoja: bote mupande ku mulima. Nikaiona Mukoshi nzima ikisimamisha michi. Nikamwona mama yangu akigeuka, akiligeuzia bwawa na ujumbe wangu mgongo, akisubiri kwa subira mpaka mlio ukome.

Kule tunapandaka tu na mufu.

Sijui niseme akili ilinijia au ilinitoka. Nilielewa tu kwamba wanahitaji maiti, na kwamba maiti lazima awe na jina, tena jina ambalo mama yangu hawezi kuligeuzia mgongo. Sikuweza kumwua mtoto wa mtu mwingine. Nikafuta yote, nikaandika: "MAPALO WA JULIENNE AMEKUFA. Mwili imefika ku mulima kwa njia ya mnara. Tunamuzika sasa. Bote mupande."

Kompyuta ikaniuliza ujumbe urudiwe mpaka lini. Nikajibu: mpaka nitakapousimamisha. Nikabonyeza.

Basi nikakaa. Nilijua kuliko mtu yeyote kwamba jibu haliji, na bado nilikodolea kile kioo macho nikilingojea. Mama yangu alikuwa analia wakati ule, au alikuwa amegeuka. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa linatokea, na mimi nilikuwa nasikiliza fundi wa chini akipiga nyundo.

Monsieur Aristote aliporudi alisoma, akasoma tena. "Umefanya nini?"

"Nimekufa, Monsieur."

Hakucheka. Aliketi kwenye kiti changu kama mzee.

Caleb aliweza kupiga mara moja tu. Ukuta umekwenda wote, alisema. Kanisa halionekani hata paa. Mlimani anaona watu, lakini mvua inamzuia, hajui ni wangapi. Nikamwuliza habari za mama yangu. Akasema, "Madame, ni mbali, naona nguo tu." Halafu laini ikakatika. Tulijaribu kuusimamisha ujumbe, mnara haukutusikia tena. Njia kati yetu na mnara ilikuwa imekufa. Nilisimamishwa kazi siku hiyohiyo, na sikuwa na nafasi ya kulifikiria jambo hilo.

Daraja lilikuwa limechukuliwa. Nilizungukia njia za wachoma makaa, nikalala kwa watu nisiowajua, nikavuka mto kwa kushikana mikono na wanaume waliobeba magunia, na ndipo nikampata kijana wa pikipiki, Osée, aliyekubali kunifikisha. Tulizungumza njiani, nikamtajia jina langu na la mama. Aliniambia pole za kweli. Mvua ilikuwa imekwisha, jua limetoka, na bonde lote lilikuwa linanuka matope na kuku waliokufa.

Tulipokunja kona na mnara ukaonekana, simu zetu zikalia pamoja. Mlio uleule. Osée akasimamisha pikipiki, akatoa yake mfukoni, akaisoma, nami nikaisoma yangu. Mapalo wa Julienne amekufa. Mnara ulikuwa bado umeyashika maneno yangu, siku zote hizo, na ulikuwa unaipa kila simu iliyofika chini yake. Nimeandika maneno mengi ya kutisha maishani, sijawahi kuyapokea. Kwa muda mfupi, nasema kweli, sikuwa na hakika kwamba ujumbe unadanganya.

Osée hakugeuza shingo. "Shuka, mama," alisema taratibu, akitazama mbele. "Miye nafikia hapa."

"Osée, kaka, niko muzima. Nishike mukono."

"Shuka tu, nakuomba."

Nikashuka. Akageuza pikipiki bila kunitazama, na nikapanda mlima kwa miguu.

Walikuwa wametandaza maturubai kati ya makaburi. Moshi wa kupikia ulikuwa unapanda, watoto walikuwa wanakimbizana. Wa kwanza kuniona aliinua mkono kuniamkia, kisha mkono ukaishia njiani. Nyuma yake watu wakainuka mpaka mwisho wa mlima. Hawakukimbia. Walitazama chini na kunifungulia njia, na mimi nikapita katikati yao nikiwatazama usoni mmoja mmoja, wanawake wa michi, watoto wao, Antoine na baiskeli yake. Walikuwepo wote. Hakukosekana hata kibibi kipofu wa nyumba ya mwisho.

Kando ya uzio, karibu na Mzee Chomba, palikuwa na kaburi jipya, limefunikwa vizuri, na msalaba umeandikwa kwa mkaa: MAPALO. Mama alikuwa ameketi mbele yake, miguu ameinyoosha, kichwa kimenyolewa.

Nikapiga magoti. "Mama. Ni miye. Niko muzima, mama. Nilidanganya juu mupande, mupone."

Hakugeuka. Alisema kwa sauti ndogo mno, macho kwenye msalaba, "Najua. Usiseme nguvu."

"Unajua?"

"Mulio haikukoma, Antoine akafungua kitambaa, akasoma jina yako. Tulifika huku, mwili haiko. Kisha tulisikia mayi inapita kule chini, tukaona manyumba inaenda. Njo nikajua. Nilimushukuru Mungu, nikakutukana, nikamushukuru tena." Akausawazisha udongo wa kaburi kwa kiganja. "Lakini banaume balitangulia na majembe. Ni vile tunafanyaka. Shimo ilikuwa imekwisha kuchimbwa, na jina yako ilikuwa imekwisha kuitwa ndani. Shimo ya muntu hatuiachake wazi, Map…" Akajikata. "Hatuiachake. Inamungojaka mwenyewe."

"Basi mulizika nini?"

"Kigogo ya ndizi. Niliivika kikwembe, kitenge yangu. Tulilia vizuri, hatukufanya muchezo. Sasa shimo imeshiba, inajua imepata muntu wake. Weye ukisimama hapa juu yake, unasema weye njo ule muntu, itajua tuliidanganya, itakutaka."

Nilitaka kupiga kelele kwamba nina jina, liko kwenye kadi yangu ya uchaguzi, nilipewa kanisani, na mama mwenyewe ndiye aliyenibeba. Nilitaka kuung'oa ule msalaba. Nilimtazama Antoine, mtu wa Biblia, anisaidie, naye akatikisa kichwa polepole. Mnara ukavuma juu yetu, na simu za Mukoshi, zilizotundikwa sasa kwenye uzio wake, zikalia tena zote, zikitangaza kifo changu kwenye jua la mchana. Safari hii hakuna aliyegeuka. Walikuwa wananitazama mimi.

Mama akasimama. Akajikung'uta vumbi, akanigeukia kwa mara ya kwanza. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini uso aliutengeneza uwe wa mtu anayepokea mgeni.

"Karibu, mama," aliniambia kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Huku banatuitaka bantu ba Mukoshi. Miye ni Mama Julienne. Na weye, jina yako ni nani?"

Nilimtazama. Alikuwa ananiomba, mbele ya kijiji kizima, na mimi sijawahi kumwona mama yangu akiomba kitu. Jina la kwanza lililonijia lilikuwa la mwanamke anayeuza mikate chini ya ofisi yetu.

"Edith," nikasema.

"Karibu, Edith. Unatoka mbali?"

"Lubumbashi."

"Kule munalala muzuri?"

"Tunalala muzuri."

Akanisogezea kiti, kimoja tu kilichookolewa, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akapiga goti kidogo kunipa, yeye kunipigia mimi goti, kama tunavyofanya kwa mgeni. Nikanywa. Watu wakaanza kupumua, mtoto mmoja akacheka, mtu akarudisha sufuria motoni. Kisha mama akaniuliza, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, ikiwa wazazi wangu wangali hai.

"Baba alishakufaka," nikasema.

"Pole. Na mama?"

"Mama iko muzima," nikamjibu. "Iko muzima kabisa."

"Asante Mungu," akasema mama yangu, akipokea kikombe kwa mikono miwili. "Ukifika kwenu, umusalimie."